Mtani Aliyechukua Mwezi Wangu

Anjela aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, niliendelea kumenya mbaazi mpaka akadhani mtandao umekatika. "Mama mdogo, unanisikia?" Nilikuwa namsikia vizuri sana. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kibarazani kwangu Handeni, beseni la mbaazi mapajani, na kitu cha kwanza kilichonijia, sitaki kuwaficha, hakikuwa huzuni. Kilikuwa hasira. Monika amekufa bila kusema. Miaka arobaini nimemngoja aseme neno moja tu, kwamba ile picha ya mwezi niliipiga mimi, na sasa ameondoka nalo. Anjela akaendelea kunieleza kwamba maziko ni kesho huko Korogwe, na kwamba mama yake aliacha maneno akiwa bado na akili zake: watani waitwe, na wa kwanza wao niwe mimi. Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilimaliza kumenya mbaazi zangu zote, kisha nikaingia ndani kutafuta kanga ya kuvaa msibani, na muda wote huo mikono ilikuwa inafanya kazi hapa lakini mimi mwenyewe nilikuwa Korogwe, katika mwaka ule mmoja ambao sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimepata kazi kwenye studio ya Mzee Eliya, Msambaa wa Lutindi aliyekuwa na studio yake mjini, hatua chache kutoka stendi. Nikifumba macho naiona studio ile vizuri kuliko ninavyoiona sebule yangu. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi la wateja, kioo chenye ufa, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiondoke na mtu, na koti moja la suti ambalo wanaume wote wa Korogwe walipigia picha. Wembamba tuliwabana mgongoni kwa vibanio vya nguo, wanene tuliwaachia lisifungwe. Ukutani lilining'inia pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji, na juu ya maporomoko ndege ya abiria, sijui ilikuwa inakwenda wapi. Nyuma ya pazia kulikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndipo palikuwa na chumba cha giza tulimosafishia filamu na picha. Kila picha iliyotoka mle ilipigwa muhuri mgongoni: jina la studio na sanduku la posta, basi. Aliyefyatua kamera hakuandikwa popote, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona kwamba kuna haja.

Monika nilimkuta pale. Alinitangulia mwaka mmoja kazini na miaka miwili kuzaliwa. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, akafia kwenye shamba la mkonge, na Monika mwenyewe Tabora hakuwahi kukanyaga, lakini Unyamwezi wake aliushikilia kwa mikono miwili. Siku yangu ya kwanza nilifika na vitumbua vitatu kwenye karatasi. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mzigua wa Kwedizinga. Akanyoosha mkono, akavichukua vitumbua vyote vitatu, akaanza kula huku ananitazama usoni.

"Mtani wangu!" alisema, mdomo umejaa. "Mmechelewa kweli kutuletea chakula, nyie mateka wetu."

"Mliokuja kwa miguu na mizigo ya watu kichwani ndio mtuite sisi mateka?" nilimjibu, maana kwetu mtoto anafundishwa kumjibu mtani kabla hajafundishwa kufua. "Kula taratibu, usije ukapaliwa hapa nikapata kazi ya kukuzika."

Mzee Eliya alicheka mpaka akakohoa. Na sisi tukawa marafiki siku ile ile. Wasiokulia kwenye utani huona tabu kuuelewa. Mtani akichukua kitu chako, hununi. Ukinuna, wewe ndiye umekosa adabu, na wote waliopo watakushangaa wewe, siyo yeye. Monika alichukua sabuni yangu, mafuta yangu, kanga yangu mpya kabla sijaivaa hata mara moja. Nami nilichukua viatu vyake vya kanisani nikavivaa sokoni, nikavirudisha vimejaa matope, na akacheka. Tulikuwa tunaibiana kutwa nzima mbele ya watu, na watu wakifurahi. Nikiwaza sasa naona jinsi mlango ulivyokuwa wazi tangu mwanzo, nami ndiye niliyekuwa nimeushikilia.

Tulipanga chumba kimoja Manundu, kitanda kimoja, jiko moja la mkaa. Jioni tulipika bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya mshunga, na siku tukipata dagaa wa nazi tulikula tumenyamaza kwa heshima. Ukuta wetu na wa jirani haukufika darini, kwa hiyo tulisikia kila kitu cha bwana na bibi waliokaa upande wa pili, wazee wawili waliogombana kuhusu redio. Bibi alitaka taarifa ya vifo, bwana alitaka mpira. "Waliokufa wamekufa, Mama Hoza, hawa wanacheza sasa hivi!" alikuwa anapiga kelele. Tuliziba midomo kwa mito ili wasitusikie tunavyocheka. Monika alikuwa na moyo, nisimnyime haki yake. Nilipougua malaria aliniogesha. Ndiye aliyenifundisha kupima mwanga kwa kuangalia kivuli cha mkono wangu mwenyewe, maana kipimo cha mwanga cha Mzee Eliya kilikuwa kimekufa zamani. Ningekuwa na dada nisingempenda zaidi, na ndiyo maana haya mengine yananiuma mpaka leo.

Jambo la mwezi lilianza na habari aliyoileta Mzee Eliya. Alituambia kuna bwana mmoja wa kiwanda cha kuchapa kalenda Dar es Salaam anazunguka mikoani kutafuta picha za nchi, siyo za watu waliosimama wima kama wameshikwa na polisi. Atapita Korogwe kabla ya mwaka kwisha. Mwenye picha itakayochaguliwa atachukuliwa Dar, afundishwe kazi kiwandani, aajiriwe. Mzee Eliya alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa anafuta lenzi kwa kona ya shati. Mimi nilisikia masikio yanapiga kelele. Sikuwa natamani Dar. Nilitamani kuitwa mpiga picha. Mpaka siku ile nilikuwa msichana wa studio, wa kufagia, kusafisha filamu na kuwafunga watu vibanio mgongoni.

Filamu zilikuwa adimu. Mzee Eliya, ambaye hakuwa mchoyo ila alikuwa Msambaa mwangalifu, alituruhusu mabaki: picha mbili au tatu za mwisho za filamu ambayo wateja hawakuimaliza. Monika alikwenda Mombo kupiga akina mama wanaowauzia abiria matunda madirishani mwa mabasi. Zilikuwa picha nzuri, zenye mikono mingi. Mimi nilisema nitapiga mwezi mpevu na sura yake majini. Sijui lilinitoka wapi. Nadhani ni kwa sababu kwetu Kwedizinga chini ya kijiji kulikuwa na lambo la ng'ombe, na nilipokuwa mdogo nikiteka maji magharibi niliuona mwezi humo ndani, nikadhani ni wa kwetu peke yetu.

Mara ya kwanza tulikwenda wote wawili mtoni, pale pale Korogwe. Mto Pangani hausimami kumngoja mtu. Mwezi tuliukuta umeshapanda juu, maji yakiuvunja vipande vipande, na picha ilipotoka ulionekana kama kidonge cha klorokwini kilichodondoka kwenye lami. Monika alichekea picha ile siku tatu. Mwezi uliofuata alinisindikiza mpaka nyumbani Kwedizinga, akakaa jikoni kwa mama yangu, akala bada ya watu wawili, akamwambia mama amekuja kuchukua mateka wengine. Mama alimpiga na mwiko. Lakini nako tulishindwa. Mwezi ulitoka giza limeshaingia, mbingu nyeusi, maji meusi, na ukitaka maji yaonekane mwezi unaungua unakuwa tundu jeupe. Halafu ng'ombe wa Wamasai walikuwa wanakunywa, maji yote yakawa mawimbi ya tope. Monika alichoka na mbu, akasema mwezi wangu una kisirani, na hakurudi tena.

Mama ndiye aliyenifumbua macho. Yeye siku za mwezi alizihesabu kwa ajili ya funga zake, tangu mwandamo. "Wewe umekuja kumi na tano," aliniambia akiwa anapepeta mahindi. "Kumi na tano unachelewa. Njoo kumi na nne, utauona unatoka jua lenyewe bado halijaenda kulala." Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Jua likiwa bado lipo upande wa pili, mbingu ina mwanga, maji yana mwanga, na mwezi haujapata nguvu ya kuunguza filamu. Na ukiwa bado chini, mwenyewe na sura yake majini wako karibu, wanaingia picha moja. Ukipanda wanaachana, kamera haiwezi tena kuwashika wote wawili. Miaka yangu yote ya kazi hii, baada ya pale, nimefundishwa mambo mengi na watu wenye vyeti, lakini lile la mama halijawahi kupitwa.

Basi mwezi uliofuata nilikwenda peke yangu, siku ya kumi na nne. Stendi ya kamera sikuwa nayo, nikachukua kinu cha mama, nikakigeuza chini juu kwenye tope kando ya lambo, nikaiweka kamera juu yake. Mama alilalamika mpaka nikapotea machoni kwamba kinu chake kimekwenda malishoni. Jua lilikuwa linashuka mgongoni kwangu na upepo ulikuwa umekufa. Ng'ombe wakatokea, kama mia hivi, na kijana wa Kimasai niliyemfahamu kwa jina, Saning'o, nyuma yao. Nilimkimbilia ng'ambo ya pili nikiwa nimeshika sketi.

"Saning'o, kaka yangu, nakuomba uwazuie. Kidogo tu."

"Maji si ya ng'ombe, dada?" alisema. "Wametembea tangu asubuhi."

"Nataka kupiga picha mwezi ukiwa ndani ya maji. Wakiingia wanauvunja."

Aliyatazama maji, akanitazama mimi, akatazama kule kwenye kinu. "Na huo mwezi utakunywa yote?" aliuliza. "Au utatubakishia?" Kisha akapiga mluzi, akasimama mbele ya ng'ombe wake na fimbo imelala mabegani, nao wakasimama. Sikuamini macho yangu. Mwezi ukatoka mkubwa, wa rangi ya yai la kienyeji, na wa pili ukatoka chini yake majini, na kati yao ukingo wa ng'ambo na safu ya ng'ombe wamesimama wanangoja ruhusa, nao pia wamesimama mara mbili. Nilikuwa na picha tatu. Nilipiga mbili kwa haraka, ya tatu nikashusha pumzi kwanza. Saning'o akawaachia, maji yakachafuka, nikakaa chini kwenye tope nikalia kwa furaha.

Ya tatu ndiyo iliyotoka. Nilipoichapa, Mzee Eliya alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Monika aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, halafu akanikumbatia. Jioni ile, tukila, alinitaka nimsimulie yote, na nilimsimulia yote: mama na hesabu ya siku, kinu, Saning'o na maneno yake, jinsi nilivyoshusha pumzi. Alirudia kuuliza. Ng'ombe walikuwa wangapi? Kinu ulikigeuza kivipi? Nilidhani ni mapenzi yanayouliza hivyo.

Yule bwana wa kalenda alikuja siku ambayo hakutarajiwa, saa nne asubuhi. Mzee Eliya alikuwa amekwenda Lutindi. Mimi nilikuwa chumba cha giza na filamu ya harusi iliyotoka huko huko Lutindi. Lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sikutoka. Kopo letu la kusafishia lilikuwa limepasuka kifuniko, kwa hiyo filamu tuliisafisha kwenye beseni la dawa, gizani kabisa, bila hata ile balbu nyekundu ya kuchapia picha. Unashika ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono ule, unapandisha huku unashusha kule, bila kusimama. Saa huioni. Mzee Eliya alihesabu dakika kwa beti za nyimbo za kanisani kwao, Monika kwa Salamu Maria, mimi kwa tasbihi. Ukifungua mlango, hata kwa upana wa kidole, filamu imekwisha, na bibi harusi hawezi kuolewa upya kwa ajili yako.

Nikasikia viatu vigeni, nikasikia Monika anakaribisha na kumpa shikamoo. Nikasikia albamu inafunguliwa na kurasa zinageuzwa. Mbao zile hazikuzuia kitu. Kurasa zikasimama.

"Hii ya mwezi," sauti ya mwanamume ikasema, "nani kaipiga?"

Nilikuwa nimefika tasbihi ya hamsini na kitu. Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi sana. Kama angetaka kusema jina langu, muda ulitosha.

"Mimi, mzee," Monika alisema.

"Wewe? Msichana? Wapi huku?"

"Kwedizinga, mzee, upande wa Handeni. Nimeuhangaikia miezi mitatu. Kumbe dawa yake ni kwenda siku ya kumi na nne. Stendi sina, nikaweka kamera juu ya kinu."

Akasema na kinu. Akasema na Saning'o, na mwezi utakunywa yote au utatubakishia, na yule bwana akacheka sana kama nilivyocheka mimi. Kinu cha mama yangu. Mikono yangu ilikuwa inapanda na kushuka, machozi yananitiririka mpaka shingoni na siwezi kuyafuta, na mdomo unaendelea subhanallah, subhanallah. Ningeweza kupiga kelele. Nimejiuliza mara elfu kwa nini sikupiga. Nadhani nilingoja aseme "natania." Nilikuwa na hakika kwamba baada ya kicheko kile neno lile lingefuata, maana ndivyo tulivyoishi mwaka mzima. Nikamaliza dawa ya kwanza, nikaiingiza filamu kwenye ya pili, nikahesabu mpaka mwisho. Nilipofungua mlango yule bwana alikuwa ameshaondoka na picha yangu na negativu yake, na jina la Monika kwenye daftari lake.

Nilitoka na mikono inanuka dawa. Kibarazani alikuwapo fundi cherehani wa jirani na akina mama wawili waliokuwa wanangoja picha zao. Monika aliniona uso wangu, na akajua kwamba nimesikia. Niliona amejua. Akaruka, akapiga makofi mbele ya wote.

"Jamani, njooni mumwone mtani wangu! Nimemwibia mwezi! Mzigua kaibiwa mwezi mchana kweupe!"

Fundi cherehani akaacha mashine yake akacheka. Akina mama wakacheka. "Ndiyo mjue kwamba Wazigua mmelala," mmoja akasema. Wote wakageuka kunitazama, wakingoja nijibu kama ninavyojibu siku zote. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kwa sauti. Nikasema, "Utaurudisha tu, umezoea kuazima." Hilo ndilo kosa langu, na Mzigua peke yake ndiye angelifanya. Mtu wa kabila lingine lolote angemshika nywele. Mimi niliogopa aibu ya kununa kuliko nilivyoogopa kuibiwa.

Mzee Eliya aliporudi nilimfuata faraghani nikamwambia. Aliniangalia kwa huruma, hilo siwezi kumnyima. "Mambo yenu ya utani sisi Wasambaa hatuyaingilii," alisema. Nikamwambia huu siyo utani, mzee, na wewe unajua nani aliyekwenda Kwedizinga. Akatazama ile filamu ya harusi niliyokuwa nimeianika, safi, haina doa. "Na wewe ukienda Dar," akasema, "hapa nibaki na nani wa chumba cha giza?" Alisema hivyo hivyo, waziwazi, kama mtu anayekusifu. Nikaelewa kwamba nimeuzwa na wawili, na wa pili ameniuza kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri.

Wiki tatu baadaye barua ikaja na Monika akaondoka. Nilimbebea kikapu mpaka kwenye basi. Tulipofika mlangoni alinivua kanga ya mabegani, akajifunga yeye, akasema, "Ya njiani, mtani." Nilisubiri amalize. Hakuna kilichofuata. Mwaka mpya ulipoingia kalenda ikatoka, na nilipokwenda nyumbani niliikuta ukutani kwa mama, mtu alimletea kutoka Mombo. Chini yake kwa herufi ndogo limeandikwa jina la Monika. Mama yangu alijua kusoma kidogo kidogo, herufi kwa herufi.

"Hili si lambo letu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kinu si nilikupa wewe?"

Aliiacha kalenda ile ukutani miaka mingi baada ya tarehe zake kwisha, kama watu wengine wengi walivyofanya, na hakuniuliza tena. Studio nilikuwa nimeshaiacha. Nilifungua ya kwangu ndogo Handeni, nikapiga harusi na picha za vitambulisho mpaka simu zilipokuja kutunyang'anya wateja.

Monika alirudi Korogwe na jina kubwa. Tulikutana misibani na harusini, tukataniana, watu wakatufurahia. Kila tulipoagana niliona anataka kusema kitu, au nilijidanganya kwamba naona. Angesema tungecheka, nami ningemwachia, naapa. Picha nilishaizoea kutokuwa nayo. Nilichotaka ni kwamba mtu mmoja katika dunia hii ajue, na ajue kutoka kwake.

Basi juzi nilifika msibani. Watani wenzangu Wazigua walikuwa wameshalala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka wapewe kuku. Wakanivisha koti la marehemu na kamera yake shingoni, wakaniambia nimwigize. Siku hiyo mtani anaruhusiwa kusema lolote juu ya marehemu, na hakuna wa kumkataza, hata padri. Nikasimama katikati ya uwanja. Watoto wa siku hizi wakainua simu zao kunipiga picha.

"Mnamlilia nani?" nilipaza sauti. "Huyu mwanamke mwizi! Aliniibia mwezi! Ile picha yenu ya mwezi pale sebuleni niliipiga mimi, kwa kinu cha mama yangu, na yeye hakuwapo!"

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Padri alicheka. Mama mmoja wa kwaya alifuta machozi, akasema, "Hawa watani, jamani!" Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na wakacheka zaidi, wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimesema ukweli wote mbele ya watu mia tatu na hakuna hata mmoja aliyeusikia. Nikaelewa pale kwa nini Monika aliagiza niitwe. Huenda ndiyo ilikuwa njia yake ya kuniruhusu niseme. Lakini aliniruhusu mahali ambapo nisingeaminika.

Tulipotoka makaburini Anjela aliniletea sahani ya wali nyuma ya nyumba, nilipokuwa nimekaa peke yangu na koti la mama yake bado mwilini. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

"Asante, mama mdogo. Umetuchekesha siku ngumu. Mama alitusimulia ile habari mara nyingi, kwamba wewe ndiye uliyempa ile picha. Ulimwambia nenda wewe mtani, mimi nimeridhika na kwetu."

Kumbe alikuwa amesema. Miaka yote hiyo alikuwa amesema, kwa watoto wake, akaniweka mimi mwenyewe ndani ya uongo wake kuwa shahidi.

"Sikumpa," nikasema.

Anjela akacheka.

"Anjela. Sikumpa."

Akacheka tena, kidogo, akinitazama usoni kungojea mwisho wa utani. Nikavua kamera shingoni, nikavua koti, nikavilaza juu ya benchi, nikabaki na kanga yangu.

"Sikumpa, mwanangu. Aliichukua nikiwa nasikia, nyuma ya mbao."

Kicheko kikamtoka usoni polepole. Alisimama na ile sahani mkononi, na kutoka uwanjani tukawasikia watani wangu wakiendelea kuimba na kutukana marehemu kwa furaha. Nilimwona anahesabu moyoni kila mara aliyosimuliwa habari ile. Angeweza kunifukuza, ilikuwa nyumba ya mama yake na siku ya mama yake. Hakunifukuza. Aliketi kando yangu, na wote wawili hatukucheka.